Trekta Imegoma Kuwaka: Usinunue Pampu Kabla ya Kutoa Hewa

(Muziki unaingia, kisha unashuka taratibu)

Naongea nanyi nikiwa Kabalagala, hapa Kampala, kando ya barabara ya Ggaba. Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Nilivuka mpaka nikiwa mkimbizi kama wewe, na spana ndiyo imenilisha tangu siku hiyo.

Msimu mmoja wa mvua za Machi simu yangu ililia. Aliyepiga alikuwa mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima huko Nakivale. Walikuwa wamechanga pesa, wakakodi Massey Ferguson 135 pamoja na plau. Trekta ililima siku moja. Asubuhi ya pili ikagoma. Fundi waliyemwita aliitazama kidogo tu, akasema pampu imekufa, leteni pesa ya nyingine. Pesa pekee iliyobaki ilikuwa ya mbegu. Mama akaniuliza, "Fundi, tutoe pesa ya mbegu?" Nikamjibu, "Mama, ngojeni kwanza. Nipe dereva."

Tuliongea na yule kijana kwa simu hatua kwa hatua, na kabla ya adhuhuri trekta ikanguruma. Pampu ilikuwa nzima. Kilichoingia ndani ni maji na hewa. Niliyomwambia yule kijana ndiyo ninayokuambia wewe leo. Hata kama wewe una mashine ya kusaga au ya kuvuta maji inayotumia dizeli, au mazutu kama tunavyosema Kongo, sikiliza pia. Skrubu zitakaa mahali tofauti, lakini njia ni ileile.

Kwanza, usalama. Weka gia huru, vuta breki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiguse stata kwa bisibisi ili kuiwasha ukiwa umesimama chini. Trekta ikiwa ndani ya gia itakupanda. Usivute sigara, na watoto wakae mbali.

Sasa tuelewe kidogo. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto mkali, kisha nozeli inarusha mafuta, nayo yanawaka yenyewe. Ili nozeli ifunguke, pampu lazima isukume mafuta kwa nguvu kubwa. Mafuta hayabanwi kirahisi, lakini hewa inabanwa. Hewa kidogo ikikaa kwenye bomba, pampu itasukuma bure na nozeli haitafunguka. Ndiyo maana injini nzima kabisa inaweza kukataa.

Anza kwa kutazama moshi. Zungusha injini kwa stata sekunde 10, si zaidi ya 15, huku mwenzako akitazama bomba la moshi. Kama injini inazunguka polepole, shida ni betri au nyaya zake. Safisha vichwa vya betri kwanza. Kama inazunguka vizuri na moshi mweupe unatoka, mafuta yanafika lakini hayawaki, na hapo shida inaweza kuwa baridi au injini kuchoka. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Acha stata ipumzike, usimalize betri. Tufuate njia ya mafuta kuanzia kwenye tanki.

Tazama kishikio cha kuzimia injini. Kwenye trekta hizi unakivuta ili kuzima. Je, kimerudi ndani? Mara nyingi kamba yake imeshika kutu, kishikio kimerudi lakini mkono wa kule kwenye pampu umebaki mahali pa kuzimia. Usione haya kuanza hapo. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua mabomba yote kabla ya kukitazama.

Kisha tanki. Mafuta yamo? Koki ya chini imefunguliwa? Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba kwa tope. Lizibue kwa sindano.

Sasa maji. Chota mafuta kidogo kutoka sehemu ya chini ya chujio, uyaweke kwenye chupa ya kioo, uache nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari kati yao. Trekta ya Nakivale ilikuwa na maji hayo. Mafuta yalinunuliwa ndani ya jerikani lililokuwa limeachwa wazi kwenye mvua. Ukiyaona maji, mwaga yaliyo chini ya tanki na ya chujio mpaka yatoke mafuta matupu. Chujio la karatasi halioshwi, linabadilishwa. Kinga kila tone kwenye beseni. Hasa nyinyi wa Nakivale mnaotegemea maji ya ziwa, dizeli isimwagwe chini.

Baada ya hapo tunatoa hewa. Futa vumbi kwanza kila mahali utakapofungua, maana chembe moja ya mchanga inaharibu pampu. Kwenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ile ya 135, kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta ubavuni, yenye mkono mdogo wa kusukuma kwa kidole. Kama mkono huo ni mlegevu na hauvuti kitu, zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena.

Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio. Kwenye pampu ya nozeli legeza mbili: ile ya ubavuni na ile ya juu kwenye kifuniko. Usizitoe, zilegeze tu. Sukuma ule mkono mdogo. Utaona povu, kisha mafuta yasiyo na mapovu. Funga ya chujio kwanza, halafu ya ubavuni, ya juu iwe ya mwisho. Kisha legeza nati ya bomba linaloingiza mafuta kwenye pampu, sukuma tena mpaka povu liishe, ufunge.

Mwisho, legeza nati za mabomba mawili pale yanapoingia kwenye nozeli. Hakikisha kishikio cha kuzimia kiko ndani, fungua mafuta mpaka mwisho, zungusha stata. Mafuta yakichuruzika bila povu, simamisha, kaza nati, washa. Mkono wako usikaribie hapo wakati injini inazunguka. Mafuta ya nozeli yana nguvu ya kupenya ngozi. Alama yake ni ndogo kama ya sindano na mwanzoni haiumi sana, lakini unaweza kupoteza kidole au mkono. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Na ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika chache? Hewa inaingia tena. Kagua mpira na washa kati ya tanki na pampu ndogo. Upande huo unavuta, kwa hiyo unaweza kunyonya hewa bila kudondosha tone hata moja. Jaribu hivi: ninginiza juu ya injini jerikani dogo safi lenye dizeli, liunganishe kwa mpira na pampu ndogo. Injini ikitembea vizuri, ugonjwa uko kwenye tanki au bomba lake.

Usiweke petroli wala mafuta ya taa ukidhani utaisaidia. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, na bila ulaini huo inajila. Na pampu ya nozeli usiifungue chini ya mti. Ukiwa umefanya yote haya na mafuta hayatoki kwenye nozeli, hapo ndipo umwite fundi mwenye vifaa vya kuipima. Mwambie ulichokwisha kufanya. Ajue anaongea na mtu anayeelewa.

Ili yasirudi, acha jerikani lililofunikwa litulie usiku kucha, mimina taratibu kupitia kitambaa safi, na yale ya chini kabisa yasiingie tanki.

Yule mama alinipigia tena mwezi wa Juni. Hakuuliza habari ya trekta. Aliniambia mahindi yameshatoa nywele.



(Muziki unapanda, kisha unazimika)