Maji ya Nkome na Ruhusa ya Cairo

Pale mwaloni Nkome, kando ya Ziwa Victoria wilayani Geita, dagaa huanikwa, sangara hupimwa na boti huondoka kwenda Rubondo. Hakuna askari wa kigeni anayeyalinda maji yale. Lakini tarehe 7 Mei 1929 Uingereza iliandikiana barua na Misri, ikakubali kwamba katika nchi ilizozitawala hautajengwa mradi wowote wa umwagiliaji au umeme, kwenye Nile wala maziwa yake, utakaoipunguzia Misri maji, mpaka Misri iridhie. Wasukuma na Wazinza hawakuulizwa.

Mwanafalsafa Philip Pettit wa Ireland anashikilia kuwa kutosumbuliwa hakutoshi. Aliye huru ni yule asiyeishi kwa hiari ya mwingine. Waliofanya kazi Ghuba wanalijua hilo bila kitabu. Hadi Januari 2021, mgeni aliyemaliza mkataba Oman alihitaji cheti cha tajiri wake ili ahamie kwa mwingine. Tajiri mwema alisaini huku akitabasamu. Bado ilibidi aombwe.

Nyerere alilipeleka jambo hilo kwenye mataifa mapema zaidi. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua zile haziifungi. Bomba la kupeleka maji ya ziwa Shinyanga lilikuwa bado halijajengwa! Tanganyika ilikataa kuomba kabla haijanyimwa, na hapo ndipo penye uzito wa uamuzi ule.

Bomba lilikuja baadaye. Mwaka 2004, Edward Lowassa akiwa waziri wa maji, serikali ilitangaza kuyavuta maji ya ziwa hadi Kahama na Shinyanga kwa fedha zake yenyewe. Misri ikalalamika, kazi ikaendelea, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa, chanzo chake kikiwa Ihelele, Misungwi. Waliozoea kufukua mchanga wa mito mikavu na kusukuma baiskeli zenye madumu wakafungua bomba.

Wapo watakaoishia hapo kushangilia. Lakini Misri karibu maji yake yote ni ya Nile, na Ethiopia iko juu yake. Mkulima wa Misri naye hapendi kuishi kwa hisani ya jirani. Mkataba wa Entebbe wa 2010 kuhusu maji ya Nile, ulioanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, unataka kamisheni ya pamoja. Misri na Sudan hazijasaini.

Bwawa la Julius Nyerere, hata hivyo, limejengwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy. Liko kwenye mto Rufiji, usioingia Nile, kwa hiyo pale hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa: walipatana bei, wakasaini mkataba wa kazi.