Gari Likikataliwa kwenye Ukaguzi

Ndugu madereva na mautingo,

Leo twataka kusema nanyi juu ya ukaguzi wa kila mwaka. Magari ya abiria na ya mizigo hapa Kenya hayana budi kukaguliwa, na kazi hiyo iko chini ya NTSA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2012. Gari likikataliwa, wengi wetu huinamisha kichwa kana kwamba dereva ndiye aliyeanguka mtihani. Sivyo. Lililoanguka ni gari, na gari lina mwenyewe.

Kwanza, ichukueni karatasi ya makosa, muisome mstari kwa mstari. Msilofahamu, mwulizeni mkaguzi papo hapo. Mkimwambia fundi "breki mbaya" tu, aweza kufungua yote, kumbe ni gurudumu moja lisiloshika kama mwenzake.

Pili, mpeni mwenye gari habari kwa maandishi siku ile ile, nanyi mbaki na nakala. Neno la mdomo hukanwa.

Tatu, msikubali kupakia. Tajiri atasema, "Safari moja tu, kesho litatengenezwa." Sheria ya Trafiki yakataza kuendesha gari bovu lenye hatari njiani, na askari akilisimamisha, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani. Tena mteremko wa Salgaa haujui ahadi ya kesho. Sheria ya Usalama Kazini ya 2007 yatutaka tutoe habari ya hatari kubwa kwa msimamizi, nayo yamlinda anayefanya hivyo.

Nne, angalieni mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi kwa makusudi. Tairi iliyolika kwa kazi si makusudi ya mtu.

Tano, msinunue cheti kwa chai. Karatasi haisimamishi lori lenye tani ishirini.

Gari likitoka gereji, jaribuni wenyewe breki, usukani, taa na kidhibiti mwendo kabla ya kulirudisha kwa mkaguzi. Na ikiwa tajiri atawatisha kwa kazi, msigombane naye uwanjani. Leteni ile nakala ofisini kwa Chama, tumwendee pamoja.