Je, Dawa ya Chupa Itaziba Gasketi Iliyoungua?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mji wa Kale, Mombasa



Kikundi kimoja cha akina mama hapa Mji wa Kale kina pikapu ya kubebea samaki. Walichanga miaka minne kuipata. Sasa pikapu hiyo yanywa maji kama ng'ombe na kutoa moshi mweupe. Fundi mmoja asema injini ifunguliwe. Mwingine asema nunueni chupa ya dawa, mmwage kwa rejeta, kazi kwisha. Bei ya chupa ni ndogo sana ukilinganisha na kufungua injini, na mweka hazina hajui amsikilize nani. Mimi si fundi, ni mfanyakazi wa maendeleo ya jamii. Lakini pesa za kikundi zikimezwa na injini, hilo lanihusu.

Kwanza tuelewane gasketi ni kitu gani. Injini ina sehemu ya chini yenye silinda, yaani bloku, na kifuniko cha juu, yaani hedi. Katikati yao hulala gasketi, kipande chembamba chenye matundu. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji ya rejeta na oili. Ikiungua mahali, viwili kati ya hivyo huanza kutembeleana.

Sasa, ndani ya chupa mna nini? Nyingi zina sodiamu silikati, kemikali inayoyeyuka majini na kugeuka ngumu kama kioo ikikauka kwa joto. Nyingine huongezwa nyuzi au vumbi la shaba. Dawa huzunguka na maji, ikifika penye ufa hukauka na kuziba. Kwa hiyo si uongo mtupu, jamani. Kuna injini zimeziba na kutembea miezi kadhaa.

Lakini ulizeni: ufa uko wapi? Maji ya rejeta yana msukumo kama nusu tu ya upepo wa tairi ya gari dogo. Ikiwa maji yanatoka kidogo kidogo kwa nje, pembeni ya hedi, dawa yaweza kushika. Lakini ndani ya silinda, injini ya petroli ikivuta mzigo, msukumo wapita mara ishirini ya upepo wa tairi, na joto la gesi lapita digrii 2000. Dizeli huzidi hapo sana. Mwaonaje, kile kigaga cha kioo kitakaa? Kitapulizwa, kama si leo, ni siku mmepakia samaki na barafu mko kwenye foleni ya feri Likoni.

Tena kuna hedi yenyewe. Injini ikichemka sana, hedi ya alumini hupinda. Unene wa unywele mmoja watosha gasketi ishindwe kushika. Hakuna dawa ya kumwaga inayonyoosha chuma kilichopinda.

Jambo la kuogofya zaidi ni oili. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ililipa watu wabadilishe magari yao makuukuu, na ikaagiza injini za magari hayo ziuawe zisirudi barabarani. Waliziuaje? Walimwaga oili, wakatia sodiamu silikati mahali pake, wakawasha injini ikazunguka mpaka ikakwama. Magari zaidi ya laki sita yaliondolewa katika mpango huo. Ni kemikali ile ile ya chupa, ingawa wao walitia nyingi na kali. Basi ikiwa maji yenu tayari yanaingia kwenye oili, mkitia dawa kwa rejeta mnaielekeza wapi?

Kwa hiyo angalieni kabla ya kununua. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili ni kama chai ya maziwa, usiwashe injini tena, na chupa usiiguse. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, mwenzako awashe. Povu likipanda mfululizo bila kukoma, huenda moto wa silinda unapenya majini. Injini ikiwa moto usifungue hata kidogo, maji yataruka yakuunguze uso. Na kama hakuna lolote kati ya hayo, tazameni mipira, pampu na rejeta yenyewe. Wangapi wamefungulishwa injini kumbe mpira umetoboka!

Mimi naona hivi. Gari bovu linalongoja kuuzwa kama chuma chakavu, au mmekwama mbali na fundi, chupa yaweza kuwafikisha. Gari ambalo kikundi kinalitegemea kwa miaka, fungueni injini. Hedi ipelekwe kwa wenye mashine, ipimwe kama imepinda au ina ufa, isawazishwe. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Katibu aombe kuona gasketi ya zamani kwa macho yake. Na tafadhali, msimwage dawa halafu mkauzia kikundi kingine gari hilo mkinyamaza. Hilo limetokea, na vikundi viwili mpaka leo havisalimiani.

Vijana wa boti wameuliza na wao. Mashine inayovuta maji ya bahari na kuyatupa nje haina rejeta ya kuhifadhi dawa. Mtakuwa mnatibu bahari.

Bado swali la mama wa Kibokoni: kwa nini gasketi ziliungua mara mbili? Nilimuuliza dereva anatia maji gani. Akasema ya kisimani. Visima vingi vya kisiwa hiki vina chumvi, nanyi mwajua ladha yake. Chumvi hula alumini na kuacha magamba yanayoziba rejeta, kisha injini huchemka, gasketi huungua upya. Wekeni kulenti, yale maji ya rangi, iliyochanganywa kwa maji safi yasiyo na chumvi, na jerikeni moja ikae nyuma ya kiti. Geji ya joto ikipanda, dereva asimame hapo hapo, hata kama samaki watachelewa sokoni.