Plagini za Kusawazisha Kiwango cha Sauti katika Kumiksi Uimbaji na Muziki: Matumizi Yake kwa Nyimbo za Kiswahili

Plagini ya kusawazisha kiwango ni programu inayowekwa kwenye treki ya mwimbaji ili ipandishe na kushusha sauti yenyewe wimbo unapopigwa. Huisikiliza sauti inayoingia, huilinganisha na kiwango alichochagua fundi mitambo, kisha huongeza palipopungua na kupunguza palipozidi. Inayojulikana zaidi ni Vocal Rider ya kampuni ya Waves ya Israeli. Zipo nyingine, kama MAutoVolume ya MeldaProduction, na baadhi ya programu kubwa za kushughulikia vokali zina kifaa cha aina hiyo ndani yake. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini kazi ni moja.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za studio. Enzi za mkanda, fundi mitambo alikaa na kidole kwenye fada ya mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, akiongeza mstari ulionong'onwa na kupunguza uliopaazwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilileta NECAM, mfumo uliokumbuka mienendo ya mkono huo na kuirudia kwa fada zinazosogezwa na mota. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja chumbani, kwa hiyo sehemu kubwa ya mizani ilipatikana mbele ya maikrofoni: mwimbaji alisogea au alirudi nyuma, na ala zilimsikiliza. Siku hizi mwimbaji huingiza sauti peke yake juu ya biti iliyokwisha kutengenezwa. Biti hiyo haimsikilizi. Hapo ndipo haja ya kifaa hiki inapoanzia.

Tofauti yake na kompresa

Wengi huziweka plagini hizi kapu moja na kompresa, na kosa hilo huzaa miksi nyingi zilizobanwa bila sababu. Kompresa hushughulika na vilele: sauti ikivuka kizingiti, hupunguzwa kwa uwiano uliowekwa, mara nyingi ndani ya milisekunde chache. Kompresa maarufu ya 1176, iliyotoka mwaka 1967, hukamata sauti ndani ya maikrosekunde 20 hadi 800 tu. Kasi ya namna hiyo hugusa umbo la silabi yenyewe. Konsonanti hupoteza makali, pumzi baina ya maneno hupanda, na ubanaji ukifika desibeli 10 au zaidi mwimbaji huanza kusikika amechoka hata kama aliimba kwa nguvu.

Plagini ya kiwango haiendi kwa kasi hiyo. Kipimo chake ni neno au kishazi, na hubadili kimo cha sauti huku ikiliacha umbo la silabi karibu kama lilivyo. Kwa sababu hiyo hutangulia kompresa katika mpangilio unaofaa nyimbo nyingi. Kwanza hukatwa mvumo wa chini, kama chini ya hezi 80 kwa sauti ya kiume na 100 kwa ya kike, kwa kuwa mtikisiko wa stendi ya maiki hupotosha kipimo. Plagini ya kiwango hufuata, kisha kompresa. Kompresa iliyokuwa inabana desibeli 10 sasa hubaki na kazi ya 3 au 4, na rangi yake huwa pambo badala ya adhabu. Mafundi wengine huweka plagini ya kiwango mwisho kabisa, baada ya kompresa na ikwalaiza, ili ishike mizani ya mwisho kati ya sauti na muziki. Njia hiyo ni halali pia, hasa muziki wenyewe unapopanda na kushuka sana, mradi kompresa iliyotangulia isiwe imetwishwa mzigo wote.

Kuiweka sawa

Mambo manne huamua matokeo: kiwango lengwa, mipaka ya kupanda na kushuka, kizingiti cha kusikia, na kasi. Kiwango lengwa huchaguliwa kwa sikio, plagini ikiwa bado imezimwa: hupigwa sehemu ya wimbo yenye ala nyingi kuliko zote, kwa kawaida kiitikio, na fada ya mwimbaji hupandishwa mpaka maneno yasikike bila kujikaza. Mipaka ya desibeli 3 juu na 3 chini inatosha kuanzia. Treki inayohitaji 6 kila upande ina tatizo lililopaswa kutatuliwa kabla, ama kwa kuingiza sauti upya ama kwa kupandisha na kushusha vipande vya sauti kimoja kimoja. Kizingiti cha kusikia huiambia plagini kipi ni uimbaji na kipi ni kelele ya feni, mlio wa hedifoni au pumzi. Kikiwa chini mno, kila mwimbaji anaponyamaza chumba kizima huja mbele. Kasi inafafanuliwa chini, penye silabi.

Plagini hizi pia zinaweza kupokea muziki kupitia njia ya pembeni ili ziupandishe uimbaji ala zinapozidi. Muziki unaopelekwa huko usiwe na vokali ndani yake hata kidogo, la sivyo sauti itajipandisha kwa kujisikia yenyewe. Jambo la pili ni besi. Katika Bongo Flava na singeli, nguvu kubwa ya biti imo kwenye kiki na besi, na plagini inayopima nguvu yote kwa pamoja humwinua mwimbaji kila kiki inapopigwa, ingawa kiki haifuniki maneno. Dawa ni kupeleka nakala ya muziki iliyokatwa besi, ibaki zaidi eneo la hezi 1,000 hadi 5,000, ambako kinanda, gitaa na hi-hati hugombea nafasi moja na konsonanti.

Silabi za Kiswahili

Kanuni nyingi zinazofundishwa kuhusu plagini hizi zimetokana na nyimbo za Kiingereza, na hapo fundi wa Kiswahili anapaswa kutumia masikio yake mwenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hutamkwa kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini ndiyo inayobeba kina. Katika taarabu, ambayo mashairi yake hufuata vina vya kati na vya mwisho, na katika hip hop pia, sanaa yote ya mtunzi hutua kwenye silabi ambayo koo la mwimbaji tayari linailegeza. Fidla zikijibu papo hapo mwisho wa mstari, kama ilivyo ada ya taarabu, kina huzama. Plagini ya kasi ndogo haisaidii, kwa sababu wastani wake bado umeshikwa na silabi iliyotangulia yenye mkazo. Ikiongezwa kasi, hukifikia kina, ila huanza kutikisika ndani ya irabu ndefu za mwimbaji anayepinda sauti. Kwa hiyo kasi ya wastani ndiyo salama, na miisho ya mistari humaliziwa kwa mkono, desibeli 2 au 3 kwa kila silabi iliyopotea. Kazi hiyo huchukua muda, na kwa wimbo wa taarabu haistahili kurukwa.

Mwanzo wa mstari una shida yake. Kiambishi cha kwanza kinaweza kubeba maana nzima ya sentensi: "atarudi" na "hatarudi" hutenganishwa na pumzi nyepesi ya mwanzo tu, na "mpenzi" huwa "penzi" nazali yake ikizama kwenye besi. Mstari uliotangulia ukiwa umepaazwa, plagini imekwisha kushusha kiwango, na mstari mpya huanza kabla haijarudi juu. Msikilizaji hukosa sauti ileile inayogeuza ahadi kuwa kanusho. Plagini yenye uwezo wa kusikiliza mbele kidogo hupunguza tatizo hili kwa kuwa huianza safari mapema. Isiyo na uwezo huo husaidiwa kwa kupandisha kipande cha kwanza cha mstari kabla sauti haijaingia kwenye plagini. Fundi asiyeelewa lugha anayoimiksi hawezi kujua ni viambishi vipi vya kuokoa, na programu haiwezi kabisa.

Panapopaswa kuachwa

Ubeti wa mwisho unaopanda hatua kwa hatua hadi kilele umepangwa na mwimbaji. Plagini yenye mipaka mipana huona kosa hapo na kuusawazisha mpando wote. Njia bora ni kubadili kiwango lengwa sehemu kwa sehemu, beti zikiwa chini kidogo na kiitikio juu, au kuizima kabisa penye kilele. Kwa kwaya iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja au mbili, plagini ya kiwango haitenganishi soprano na besi. Hupandisha na kushusha kwaya nzima, na afadhali isitumike. Waitikiaji waliorekodiwa kila mmoja kwenye treki yake huwekewa plagini moja kwenye kundi lao, ili tofauti ya asili baina ya sauti isifutike.

Kuna pia upungufu usioponywa na kiwango. Umbali wa mdomo na maikrofoni ukiongezeka mara mbili, tuseme kutoka sentimita 10 hadi 20, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi. Plagini hurudisha desibeli hizo, lakini hairudishi uzito wa chini uliopotea, na huinua pamoja nazo mwangwi wa kuta. Katika studio za chumbani zisizo na vifaa vya kunyonya mwangwi, neno lililoimbwa mbali husikika mbali hata likiwa na kiwango sawa na wenzake. Mwimbaji anayefundishwa kusimama mahali pamoja humwokolea fundi kazi kuliko plagini yoyote.

Kukagua na kukabidhi

Ukaguzi hufanywa kwa sauti ya chini. Fletcher na Munson wa Bell Laboratories walionyesha mwaka 1933 kuwa kadiri sauti inavyoshuka, sikio hupoteza besi mapema kuliko masafa ya kati. Kwa hiyo miksi ikichezwa kwa chini huweka wazi kama maneno yamekaa juu ya ala au yamezama. Baada ya hapo hujaribiwa kwenye spika ya simu, isiyo na besi, ambako mwimbaji huonekana amezidi, na kwenye spika za gari, ambako besi humfunika. Kiwango lengwa huwekwa katikati ya hali hizo mbili, na si kwa kufuata studio pekee.

Plagini zinazoweza kuandika mienendo yake kama otomesheni kwenye treki ziruhusiwe kufanya hivyo mara moja, kisha zizimwe, na mstari ulioandikwa urekebishwe kwa mkono. Hali hiyo pia hufanya miksi ibaki ileile kila mradi unapofunguliwa. Jukwaani hutumika matoleo yenye ucheleweshaji mdogo, na mipaka hubanwa hadi desibeli 2 au 3, kwa sababu kila desibeli inayopandishwa huikaribisha spika kupiga yowe. Wimbo unapopelekwa kumiksiwa studio nyingine, hutumwa treki mbili za mwimbaji, moja iliyosawazishwa na moja ghafi, zikianzia sekunde ileile, pamoja na maneno ya wimbo yaliyoandikwa.