Mafuta Kwenye Damu Baada ya Korona



Kisa cha kwanza cha Korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wengi waliougua walipona, wakarudi kwa mifugo, boda boda na biashara zao. Lakini kwa baadhi yao ugonjwa huo uliacha deni lisilo na kikohozi wala homa: mafuta yaliyozidi kwenye damu.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 uliwafuatilia wanajeshi wastaafu wa Marekani. Waliopata Korona walikuwa katika hatari ya tatizo hili iliyozidi ya wenzao kwa karibu robo. Waliolazwa hospitalini waliathirika zaidi, ila waliouguzwa nyumbani hawakunusurika.

Jambo moja huwachanganya watu. Mgonjwa akiwa bado kitandani, kolesteroli yake mara nyingi hushuka. Akipimwa siku hizo, karatasi itasema mambo ni shwari. Kipimo cha kuaminika ni cha wiki kadhaa baada ya kupona.

Wapo wanaouliza: mafuta si ugonjwa wa matajiri wa Nairobi? Mturkana mwembamba atayatoa wapi? Swali hilo ni la haki. Watafiti waliopima Waturkana zaidi ya 1,200, matokeo yakachapishwa mwaka wa 2020, waliwakuta wafugaji wanaotegemea maziwa, nyama na damu wakiwa na afya njema ya moyo. Waliohamia mijini ndio waliokuwa na uzito na shinikizo la damu la juu zaidi. Kwa hiyo mbuzi asisingiziwe. Kilichoingia mjini ni sukari, soda, mandazi na mafuta ya kukaangia, na miguu ikaacha kutembea. Tena wembamba hauonyeshi kilichomo ndani ya mishipa.

Mafuta haya hayaumi. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi, na mchungaji aliyepooza upande mmoja hafuati tena ngamia.

Aliyewahi kuugua Korona, hasa mwenye kisukari, shinikizo la damu au umri unaozidi miaka 40, aombe kupimwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar. Wa Kakuma aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye, aelekezwe. Akiandikiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia mzima. Hapo ndipo wengi hukosea. Na amweleze daktari kwamba aliugua Korona, na lini. Karatasi ya maabara haitamwambia.