Deni la Mmoja, Mabega ya Wengi: Maswali ya Wananchi Kuhusu Kufilisika



Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kufilisika ni fupi: "Nitafungwa?" Nataka nilijibu kwanza, kwa sababu limewanyima watu wengi usingizi. Kwenda mahakamani mwenyewe kusema huna uwezo tena wa kulipa madeni yako si kosa la jinai nchini Kenya. Kifungo cha madeni, ambacho bado kipo, hupitia mlango mwingine. Mdai aliyekwisha kushinda kesi huomba mdaiwa afungwe, na mahakama yapaswa kuridhika kwamba huyo mtu anacho ila hataki kulipa. Asiyenacho anatakiwa afike ajieleze. Kwa bahati mbaya hofu humfanya azime simu, ahame usiku, na siku ya kesi asionekane. Hapo ndipo hati ya kumkamata hutolewa.

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Ile ya zamani ilimtazama mdaiwa kama mshukiwa. Hii ya sasa imempa njia zaidi ya moja, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi huijua moja tu, tena ile nzito kuliko zote.

Njia hiyo nzito ni kutangazwa mufilisi na Mahakama Kuu. Anaweza kuomba mdai, baada ya kukupa notisi ya siku 21 na wewe usilipe. Unaweza pia kuomba mwenyewe. Ukiomba mwenyewe utatakiwa kutoa tangazo gazetini, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Mtu yuko radhi kuuza shamba la marehemu babake kwa bei ya kutupa kuliko majirani walisome jina lake. Mahakama ikikubali, mali yako huingia mikononi mwa msimamizi, naye huiuza na kuwagawia wadai. Nguo, vyombo vya lazima vya nyumbani na zana za kazi yako huachiwa. Cherehani ya fundi haibebwi. Nyumba au gari uliloweka rehani ni jambo jingine, kwani mwenye rehani ana haki yake kamili. Kabla hujaachiliwa huwezi kugombea ubunge, na huwezi kusafiri nje ya nchi bila idhini.

Kisha huja swali la "mpaka lini?" Miaka 3, isipokuwa kukiwa na pingamizi. Lakini sikilizeni vizuri: hesabu haianzi siku ya hukumu. Inaanza siku unapowasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha, yaani orodha ya unachomiliki, unachopata na unachodaiwa. Ukikaa na fomu kabatini mwaka mzima, umejiongezea mwaka. Wengi hukwama kwenye orodha hiyo. Benki huandikwa haraka. Mikopo ya simu husahaulika, na deni la shemeji huachwa kwa makusudi kwa sababu ya aibu. Andikeni yote. Anayeficha mali au kudanganya hapo ndiye anayejitafutia kesi ya jinai.

Kuna njia nyepesi kwa asiye na mali yoyote ya kuuza. Mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 na yasiyozidi 400,000, ambaye hajawahi kufilisika, huomba kwa Mpokezi Rasmi, ofisi ya serikali. Akikubaliwa, wadai huzuiwa kumwandama, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa, isipokuwa yaliyotokana na ulaghai. Wazo hili ni jema. Mipaka yake ndiyo siikubali. Muuza samaki mwenye deni la 90,000, linalomzidi kabisa, yuko nje ya mlango kwa sababu ni maskini kupita kiasi kilichowekwa. Kima cha chini kiondolewe, na kile cha juu kipandishwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta jukwaani. Chukueni mwalimu wa shule ya msingi wa Likoni aliyekopa kwenye sako, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Hati yake ya mshahara imejaa makato hadi ile theluthi moja ambayo sheria ya ajira inamlinda abaki nayo. Hakuweka rehani nyumba, maana hana. Dhamana yake ni walimu wenzake wanne waliotia sahihi chumbani mwa walimu, wakati wa chai. Akitangazwa mufilisi, yeye hupumua. Wale wanne hawapumui: kuachiliwa kwake hakuwaachilii wao, na sako ina haki ya kukata akiba na mishahara yao. Mmoja wao huenda ana binti anayesubiri karo mwezi huohuo.

Kwa hiyo tusiseme watu wetu wanaogopa mahakama kwa ujinga. Wanajua kitu ambacho sheria imekipita kando, kwamba deni la hapa mara nyingi hubebwa na wengi. Mwalimu huyo hukopa kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa, ili kuwaokoa wadhamini wake, na shimo linazidi kina.

Kwa mtu kama huyu mimi hupendekeza mapatano ya hiari na wadai, yaliyomo katika Sheria hiyohiyo ya Ufilisi. Mahakama huwazuia wadai kwa muda, mtaalamu wa ufilisi huandaa mpango wa malipo, nao wadai huupigia kura. Sako hubaki mezani, na wadhamini huweza kupata nafasi ya kusikika. Ila huduma ya mtaalamu ina gharama ambayo mwalimu huyo hana. Naiomba serikali iwape wadaiwa wadogo huduma hiyo katika kila kaunti bila malipo. Navyo vyama vya ushirika vibadilishe kanuni zao leo, bila kungoja Bunge: mkopaji akikosa awamu ya pili, wadhamini waandikiwe barua na waitwe kikaoni pamoja naye, wakati deni bado lina ukubwa wa kuzungumzika.