Chombo Hakifundishi Bila Swali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo na wazazi)



Leo napenda kuzungumzia jambo linalowahusu vijana wetu walioko vyuoni na wazazi wanaowagharimia. Wengi hudhani kwamba darasa likipata kompyuta na projekta, basi elimu imekamilika. Lakini mwanafunzi aweza kutazama picha nzuri ukutani saa nzima huku akili yake imelala. Kinachoamsha akili ni swali, na chombo ni mtumishi wa swali hilo.

Tazameni yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Profesa Eric Mazur alianza kufundisha fizikia huko mwaka 1984, na wanafunzi wake wakifaulu vizuri. Mwaka 1990 akawapa maswali mepesi yasiyohitaji hesabu, kuhusu nguvu na mwendo. Kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalopata kani kubwa zaidi? Jibu ni kwamba kani hizo ni sawa. Wengi walishindwa. Mwanafunzi mmoja hata aliuliza kama ajibu jinsi alivyofundishwa au jinsi anavyofikiri mwenyewe! Yaani walikuwa wamekariri kanuni bila kuzifahamu.

Ndipo Profesa huyo akabadili njia. Hueleza jambo kwa muda mfupi, kisha hutoa swali lenye majibu kadhaa ya kuchagua. Kila mmoja hufikiri peke yake na kujibu kwa kubonyeza kifaa kidogo cha mkononi, na kompyuta huonyesha papo hapo wangapi wamechagua jibu gani. Majibu yakigawanyika, wanafunzi hujadiliana na jirani zao, kila mmoja akitoa hoja zake, kisha hujibu tena. Mwishoni mwalimu hufafanua.

Je, njia za namna hii zina faida? Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika kozi 62 za fizikia. Katika yale wasiyoyajua mwanzoni, waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza wastani wa asilimia 48, na waliosikiliza tu asilimia 23.

Sasa zingatieni jambo hili. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry alichapisha utafiti kutoka chuo kimoja cha Kanada, akilinganisha wanafunzi waliotumia vifaa hivyo na wale walioinua kadi zenye herufi. Njia ya kufundisha ilikuwa ileile, na tofauti katika kujifunza haikuonekana. Kifaa huhesabu upesi, huhifadhi majibu na humsitiri mwenye haya. Lakini faida ya kufahamu ilitoka katika kufikiri na kujadiliana.

Kwa hiyo, enyi walimu, ukumbi wenye wanafunzi mia tatu na umeme unaokatika si udhuru. Andaeni swali zuri, na kadi za karatasi zitatosha. Chuo chenye uwezo kinunue vifaa, lakini kwanza kiwaandae walimu. Nanyi wanafunzi, msiridhike kunakili yaliyo ukutani. Mwelezeni mwenzenu, kwani hapo ndipo mtakapojua kama mmefahamu. Wazazi nao wasiulize tu, "Umepata alama ngapi?" bali pia, "Umefahamu nini?"

Kwani daktari au mhandisi aliyekariri tu, hasara yake itatupata sisi sote.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.